Toronto na fungu la saba: ardhi ya makasisi iliyozua uasi

Kwa zaidi ya miaka 60, kuanzia 1791 hadi 1854, ardhi nyingi katika eneo ambalo leo ni jimbo la Ontario nchini Canada iliwekwa kando kwa ajili ya kuwatunza makasisi. Watawala waliona kuwa hiyo ingekuwa njia nyepesi kuliko kuwatoza wakulima zaka. Mpango huo ulizusha ugomvi baina ya makanisa, ukachangia uasi wa silaha katika viunga vya Toronto, na hadi leo alama zake zimo katika hati za ardhi za jimbo hilo.

Anayesafiri katika jiji la Toronto kutoka ziwani kuelekea kaskazini, akifuata barabara ya Yonge, hukutana na barabara kuu zinazoikata kwa mwendo ulio sawa: Queen, Bloor, St. Clair, Eglinton. Kati ya moja na inayofuata pana maili moja na robo, yaani kilomita mbili. Umbali huo haukupangwa kwa ajili ya magari wala reli za chini ya ardhi. Ni kazi ya wapima ardhi wa serikali ya Uingereza waliofika mwishoni mwa karne ya 18 wakiwa na minyororo yao ya kupimia, wakaigawa misitu kwa mistari iliyonyooka na kuikata katika vipande, kila kimoja kikiwa na ekari 200 au karibu na hapo.

Katika tarafa nyingi zilizopimwa kwa mtindo huo, kipande kimoja katika kila saba kilitengwa kwa ajili ya makasisi. Kingine katika kila saba kikatengwa kwa ajili ya serikali ya mfalme. Vipande hivyo havikuwekwa mahali pamoja. Vilitawanywa katikati ya mashamba ya walowezi, na ramani za wakati huo zikaonekana kama ubao wa kuchezea drafti.

Msingi wa mpango huo ulikuwa Sheria ya Katiba ya mwaka 1791, iliyopitishwa na bunge la London wakati wa Mfalme George wa Tatu. Sheria hiyo iliigawa Quebec ya zamani katika majimbo mawili. Lower Canada, lililokaliwa zaidi na Wakatoliki wenye kusema Kifaransa, liliendelea na zaka yake ya desturi, ambayo hata hivyo haikuwa moja ya kumi: waumini walimlipa padri sehemu moja kati ya 26 ya nafaka. Upper Canada, ambalo makao yake makuu yalikuja kuwa York, mji ulioanzishwa mwaka 1793 na kuitwa Toronto tangu 1834, lilipewa utaratibu mwingine. Kila serikali ilipogawa ardhi kwa walowezi, ilitakiwa itenge pia ardhi yenye thamani sawa na moja ya saba ya ile iliyogawiwa, kwa ajili ya kuwasaidia wale ambao sheria iliwaita "makasisi wa Kiprotestanti".

Maneno hayo machache hayakufafanuliwa. Mgogoro wote uliofuata ulitoka humo.

Zaka kama mali ya kuuzwa

Ili kuelewa kwa nini serikali ilitaka kuiepuka zaka, na kwa nini Waskochi walikuwa mstari wa mbele katika kila upande wa ugomvi huu, ni vyema kutazama zaka ilivyokuwa huko Uskochi kwenyewe.

Msomaji wa Kiswahili huifahamu zaka kama tendo la ibada. Muislamu huitoa kwa kipimo cha dini yake, Mkatoliki huipeleka parokiani, na Mprotestanti huiita fungu la kumi. Hata neno ushuru, ambalo leo hutukumbusha bandari na forodha, asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Katika sheria ya Uskochi, hata hivyo, zaka ilikuwa kitu kingine kabisa. Waskochi waliiita tindi, nayo ilikuwa haki juu ya mazao ya ardhi, iliyoweza kumilikiwa, kuuzwa, kurithiwa na kuwekwa rehani, mbali na ardhi yenyewe.

Zaka ilitiwa nguvu ya sheria huko tangu karne ya 12, katika enzi ya Mfalme David wa Kwanza. Zilikuwapo zaka kubwa za nafaka, na zaka ndogo za vitu kama ndama, sufu na nyasi kavu. Yalipokuja Matengenezo ya Kanisa mwaka 1560, nyumba za watawa zilivunjika, na mali zao, pamoja na haki za zaka, zikaangukia mikononi mwa mabwana wakubwa. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: mkulima aliendelea kutoa moja ya kumi ya mavuno yake, lakini mpokeaji mara nyingi hakuwa mchungaji anayembatiza mwanawe, bali mkubwa wa ukoo wa mbali ambaye hakuwa na kazi yoyote kanisani. Tena mkulima hakuruhusiwa kuondoa mavuno shambani mpaka mwenye zaka awe amechukua fungu lake. Mvua ikinyesha mapema, hasara ilikuwa ya mkulima.

Mfalme Charles wa Kwanza alijaribu kulitatua jambo hilo. Tume yake ya mwaka 1627, na sheria zilizothibitishwa na bunge la Uskochi mwaka 1633, ziliweka kanuni kwamba zaka ihesabiwe kuwa moja ya tano ya kodi inayoweza kupatikana kutokana na ardhi, ya mazao na fedha, na isichukuliwe tena shambani kwa mafungu. Mwenye ardhi alipewa pia haki ya kuinunua zaka yake kwa bei ya thamani ya miaka tisa. Aliyewahi kupata hukumu ya kuikadiria zaka yake katika karne hiyo ya 17 alikuwa amepata bahati kubwa, kwa sababu kiwango hicho hakikupanda tena hata kodi za mashamba zilipoongezeka maradufu karne mbili baadaye. Jirani yake asiyekuwa na hukumu kama hiyo alibeba mzigo mzito zaidi.

Mshahara wa mchungaji wa parokia ulitoka katika zaka hizo. Mchungaji akiona haumtoshi, aliweza kwenda mahakamani kuomba uongezwe, na nyongeza hiyo iligawanywa kwa wenye ardhi wote wa parokia. Kwa hiyo aliyetaka kununua shamba Uskochi alipaswa kuuliza maswali ambayo mnunuzi wa leo hafikirii kuyauliza. Je, zaka ya shamba hili imekwisha kukadiriwa? Ni nani mwenye haki nayo? Je, imeliwa yote na mshahara wa mchungaji, au limebaki fungu ambalo mchungaji ajaye anaweza kulidai? Na hati ya mauzo ilikuwa lazima iitaje zaka waziwazi. Kama haikuitaja, mnunuzi alipata udongo lakini zaka ikabaki kwa muuzaji.

Desturi ya kukabidhi ardhi ilionyesha utengano huo kwa macho. Kwa karne nyingi, uhamisho wa ardhi Uskochi haukukamilika kwa kutia saini tu. Wahusika walikwenda shambani wenyewe, na mbele ya mashahidi mnunuzi au wakala wake alitiwa mkononi udongo na jiwe, kisha mwandishi wa hati akaandika kwamba hayo yametendeka. Kitendo hicho kiliitwa sasini. Lakini udongo na jiwe vilikabidhi ardhi tu. Aliyenunua zaka alikabidhiwa mganda wa nafaka. Aliyenunua haki ya uvuvi alipewa wavu na mashua. Sherehe hizo ziliondolewa kwa sheria ya mwaka 1845, na kuanzia hapo kilichohitajika ni kuandikisha hati katika daftari la taifa, lililokuwapo tangu 1617.

Mwaka 1925 bunge la Uingereza liligeuza mishahara ya wachungaji kuwa kiasi cha fedha kisichobadilika, na mabaki yake yakafutwa pamoja na umiliki wote wa kimwinyi tarehe 28 Novemba 2004, siku ilipoanza kutumika sheria iliyopitishwa na bunge la Uskochi mwaka 2000.

Msituni hakuna nafaka ya kukatia zaka

Turejee Upper Canada. Jimbo hilo halikuifuata sheria ya Uskochi. Sheria ya kwanza kabisa ya bunge lake, mwaka 1792, ilichukua sheria ya Uingereza kuwa msingi wa mambo ya mali na haki za raia. Hata hivyo walowezi wengi walikuwa wamekimbia zaka, wawe wametoka Uskochi, Ireland au Uingereza, na hofu kwamba siku moja zingewafuata ng'ambo ya bahari haikuisha mpaka bunge la jimbo lilipopitisha sheria ya kuzikataza, mwanzoni mwa miaka ya 1820.

Kwa watawala, ardhi ilionekana kuwa jibu rahisi. Ilikuwa nyingi, haikugharimu kitu katika hesabu zao, na ilitarajiwa kwamba msitu ukigeuka mashamba, kodi za pango zingewalipa makasisi milele. Jumla ya ardhi iliyotengwa ilifikia karibu ekari milioni 2.4. Hata hesabu yenyewe ilikuwa na kasoro. Sheria ilisema moja ya saba ya ardhi iliyogawiwa kwa walowezi, lakini wapimaji walitenga moja ya saba ya ardhi yote. Kwa kuwa fungu jingine la saba lilikuwa la mfalme, walowezi walibakiwa na mafungu matano, na fungu la makasisi likawa sawa na moja ya tano ya ardhi yao. Lord Durham, aliyetumwa baadaye kuchunguza matatizo ya Canada, aliigusa hitilafu hiyo katika ripoti yake ya mwaka 1839.

Lakini nani angekodi shamba la msitu wakati serikali inagawa mashamba kama hayo bure au kwa ada ndogo? Mikataba ya miaka 21 ilitolewa kwa kodi iliyoanzia shilingi 10 kwa mwaka kwa kipande cha ekari 200, na hata hiyo ilikusanywa kwa shida. Vipande vingi vilibaki msitu mtupu. Mlowezi aliyepata ardhi alitakiwa kisheria kusafisha barabara mbele ya shamba lake. Mbele ya vipande vya makasisi hapakuwa na wa kusafisha. Familia iliyoishi kati ya vipande viwili vya namna hiyo ilijikuta imekatwa na majirani, na kinu cha kusagia kilikuwa mbali zaidi kuliko ambavyo kingekuwa. Wakati huohuo, kila mti walioukata ulipandisha thamani ya ardhi ya kanisa ambalo wengi wao hawakuwa waumini wake.

Mwaka 1817 Robert Gourlay, Mskochi kutoka Fife, alizitumia tarafa za jimbo maswali 31 kuhusu hali zao. Swali la mwisho liliuliza ni kitu gani kinachozuia maendeleo ya tarafa yenu. Jibu lililorudiwa mara kwa mara lilikuwa ardhi iliyofungwa: ya makasisi, ya serikali, na ya matajiri walioishi kwingine. Gourlay alishitakiwa na kufukuzwa katika jimbo mwaka 1819. Maswali hayakufukuzika pamoja naye.

Ni nani kasisi wa Kiprotestanti?

Kwa John Strachan jibu lilikuwa wazi. Mzaliwa huyu wa Aberdeen, Uskochi, alifika Canada mwaka 1799 akiwa mwalimu kijana, akapewa daraja katika Kanisa la Uingereza mwaka 1803, na hatimaye akawa askofu wa kwanza wa Toronto mwaka 1839. Alishikilia kwamba Mprotestanti anayetajwa na sheria ni Muanglikana peke yake, kwa kuwa hilo ndilo kanisa la dola. Mwaka 1819 lilianzishwa shirika la makasisi wa Kianglikana la kusimamia ardhi hizo, na Strachan alikuwa roho yake.

Mwaka huohuo wanasheria wa serikali mjini London walitoa maoni yaliyomtia mashaka. Wapresbiteri wa Niagara walikuwa wameomba fungu katika fedha hizo, na wanasheria wakasema kwamba Kanisa la Uskochi nalo lingeweza kushirikishwa. Hoja ilisimama juu ya mkataba wa muungano wa mwaka 1707. Uskochi ilipoungana na Uingereza, kanisa lake la Kipresbiteri lilihakikishiwa hadhi ya kuwa kanisa la taifa. Kwa hiyo ndani ya dola moja palikuwa na makanisa mawili ya kisheria, na wachungaji wa lile la pili hawangeweza kusemwa kwamba si Waprotestanti. Kiongozi wa madai hayo bungeni alikuwa William Morris, naye Mskochi, kutoka Paisley.

Msomaji wa Kenya analijua kanisa hilo kwa karibu. Ndilo lililojenga misheni pale Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu, na jina la Thogoto lenyewe ni matamshi ya Kikikuyu ya neno la kuwataja Waskochi.

Wamethodisti na Wabaptisti waliuona ugomvi huo wa makanisa mawili kwa mtazamo tofauti. Wao hawakutaka fungu lolote; walitaka mpango wote uvunjwe. Mwaka 1826 kijana Mmethodisti aitwaye Egerton Ryerson alimjibu Strachan hadharani katika gazeti la Colonial Advocate, na umaarufu wake ukaanzia hapo. Strachan aliipelekea serikali ya London jedwali la kuonyesha nguvu ya kila dhehebu, lakini jedwali hilo liliwapunguza mno wasio Waanglikana, na kamati ya bunge la jimbo ikalikosoa vikali mwaka 1828.

Mhariri wa Colonial Advocate alikuwa William Lyon Mackenzie, mzaliwa wa Dundee, ambaye mwaka 1834 alikuwa meya wa kwanza wa Toronto. Mwaka uliofuata kamati aliyoiongoza bungeni ilitoa ripoti ndefu ya malalamiko ya wananchi, na ardhi ya makasisi ilikuwa miongoni mwa malalamiko hayo. Serikali ilijibu kwa kuchochea moto. Mwezi Januari 1836, akiwa katika siku zake za mwisho madarakani, Luteni Gavana Sir John Colborne alitia saini hati za kuanzisha parokia 44 za Kianglikana na kuzimilikisha ardhi, ikiwamo parokia ya Mtakatifu James mjini Toronto. Kwa walowezi, kasisi wa parokia mwenye ardhi na hadhi ya kisheria alikuwa hatua moja tu kabla ya zaka. Hati hizo zilipigwa vita kwa miaka mingi, lakini katika miaka ya 1850 mahakama ziliamua kwamba zilitolewa kihalali.

Mwezi Desemba 1837 Mackenzie aliwaongoza mamia ya wakulima kushuka na barabara ya Yonge kuelekea mjini, wengine wakiwa na bunduki, wengine na mikuki. Walitawanywa katika siku chache karibu na mkahawa wa Montgomery, kaskazini kidogo ya barabara ya leo ya Eglinton. Mackenzie alikimbilia Marekani. Wenzake wawili, Samuel Lount na Peter Matthews, walinyongwa Toronto mwezi Aprili 1838. Itakuwa kutia chumvi kusema kwamba walikufa kwa ajili ya ardhi ya makasisi peke yake, maana malalamiko dhidi ya watawala yalikuwa mengi. Lord Durham hata hivyo aliihesabu ardhi hiyo kuwa miongoni mwa vyanzo vibaya kabisa vya mfarakano katika jimbo.

Kuuza, kugawana, kufuta

Bunge la London lilikuwa limeruhusu mwaka 1827 kuuzwa kwa robo ya ardhi hizo, zisizozidi ekari 100,000 kwa mwaka. Mwaka 1840 majaji wa Uingereza waliulizwa rasmi maana ya maneno yale ya 1791, wakajibu kwamba yanatosha kuwajumuisha wachungaji wa Kanisa la Uskochi. Sheria mpya ya mwaka huo ikaagiza ardhi yote iliyobaki iuzwe. Mapato ya mauzo ya zamani yaligawanywa kwa Waanglikana na Wapresbiteri wa Kanisa la Uskochi, mafungu mawili kwa moja. Ya mauzo mapya, nusu iligawanywa vivyo hivyo na nusu nyingine ikaachwa kwa madhehebu mengine.

Suluhu hiyo haikudumu. Mwaka 1843 Kanisa la Uskochi lenyewe lilipasuka, na mpasuko huo ulivuka bahari mwaka uliofuata. Wapresbiteri waliojitenga Canada hawakuwa tena sehemu ya kanisa lililotajwa na sheria. Mwishoni mwa mwaka 1854 bunge la Canada, baada ya kupewa mamlaka na London mwaka mmoja kabla, lilifuta mpango wote. Mwanasheria aliyeusimamia muswada alikuwa John A. Macdonald, mzaliwa wa Glasgow, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Canada. Makasisi waliokuwa wakilipwa walihifadhiwa haki zao kwa maisha yao, na makanisa yao yaliruhusiwa kupokea kiasi cha jumla badala ya malipo ya kila mwaka. Fedha zilizobaki zilikwenda kwa halmashauri za miji na tarafa kwa kadiri ya idadi ya watu. Katika kikao hichohicho bunge liliondoa pia umiliki wa kimwinyi uliorithiwa kutoka Ufaransa huko Lower Canada.

Jambo moja lilipewa uzito na wanasheria: aliyekwisha kununua kipande cha makasisi asipoteze kitu. Hati yake ilitoka serikalini na ilibaki halali, hata kama lengo la mauzo lilikuwa limefutwa. Ndiyo maana leo mtu anayefuatilia historia ya shamba au nyumba nje ya katikati ya Toronto anaweza kukuta kwamba hati ya kwanza kabisa katika mlolongo ilitolewa katika miaka ya 1840 au 1850, miongo mingi baada ya hati za majirani, na ikaandikwa kuwa ni ardhi iliyokuwa ya akiba ya makasisi. Haina mzigo wowote uliobaki. Zaka ya Kiskochi iliendelea kuifuata ardhi kutoka mnunuzi hadi mnunuzi; mpango wa Canada, kwa kuwa ulitoa ardhi nzima badala ya fungu la mavuno, uliisha siku ardhi ilipouzwa.

Afrika Mashariki nayo ilifanya hesabu kama hiyo. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulitenga maili 92 za mraba kwa ajili ya mashirika matatu ya kimisionari, huku Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, akipewa maili 24 kwa ajili yake na wafuasi wake. Hapa pia dola ndiyo iliyogawa, na ilipogawa iliamua dini ipi ni kubwa na ipi ni ndogo. Tofauti ni kwamba ardhi ya mailo haikufutwa kwa sheria kama ile ya 1854, na makanisa ya Uganda yameendelea kuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa. Wakfu wa Zanzibar na mwambao ni jambo jingine, ijapokuwa nao huilisha misikiti na madrasa kwa mapato ya nyumba na mashamba. Anayeweka wakfu hutoa kilicho chake mwenyewe. London ilitoa kwa makasisi kitu ambacho uhalali wake wa kukimiliki ulikuwa na maswali tangu mwanzo.

Hati iliyokuwa tupu

Mnunuzi wa nyumba Toronto leo, na miongoni mwao wamo wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, hahitaji kusoma mlolongo wa hati za karne mbili. Mwaka 1885 Ontario ilianza kuutumia, kwanza Toronto na wilaya ya York, mfumo wa usajili uliobuniwa Australia, ambao katika miaka ya 1920 uliingia pia katika sheria za Kenya na Uganda. Serikali huthibitisha mwenye haki, na kilichomo katika daftari ndicho kinachotazamwa. Makasisi hawamdai chochote. Wanaomdai ni jimbo na jiji: ushuru wa kuhamisha ardhi wa Ontario ulianza mwaka 1974, na jiji la Toronto likaongeza wa kwake tarehe 1 Februari 2008. Nyumba ya dola milioni moja za Canada hulipiwa dola 16,475 kwa jimbo na kiasi kilekile kwa jiji, ingawa anayenunua kwa mara ya kwanza hupunguziwa. Fedha hizo hulipwa taslimu siku ya kukabidhiwa, na si wote wanaozikumbuka wanapokusanya malipo ya awali.

Lakini daftari hilo, kama lilivyo kila daftari, linaanzia mahali. Vipande vya mfalme na vya makasisi vilichorwa juu ya ardhi ya Wamississauga. Mwaka 1787 maofisa wa Uingereza walikutana na machifu wao katika ghuba ya Quinte, wakawapa bidhaa, na kudai kwamba wamenunua ardhi ya Toronto. Miaka michache baadaye hati ya mapatano hayo ilipotafutwa ilionekana kuwa tupu: haikutaja mipaka, na alama za machifu zilikuwa katika vipande vya karatasi vilivyobandikwa. Mwaka 1794 Lord Dorchester, gavana mkuu, alikiri kwamba haikuwa na nguvu ya kisheria. Ugawaji wa ardhi haukusimamishwa. Mwaka 1805 iliandikwa hati nyingine, ya shilingi 10, na mipaka yake ikahesabiwa kuwa ekari 250,830, kubwa kuliko machifu walivyoeleza kuwa ndiyo waliyokubali.

Wamississauga wa mto Credit waliendelea kulidai jambo hilo. Mwaka 2010 serikali ya Canada ilikubali kuwalipa dola milioni 145 kwa ajili ya mapatano ya Toronto na dai jingine dogo lililoambatana nayo. Malipo yalikuwa ya fedha, na hati za wenye nyumba wa Toronto hazikuguswa.